Aliyepanda Kigari cha Namba ya Njano

Kengele ya mkanda ililia kwa mara ya kwanza Jumanne asubuhi, Kuwabara Seiji akiwa anampeleka mama mkwe wake kusafishwa damu. Ti, ti, ti. Kwenye dashibodi kikawaka kitaa chekundu, ishara kwamba abiria wa mbele hajafunga mkanda. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mama mkwe, Bi Toku, alikuwa nyuma kama kawaida yake, na mkanda wake alikuwa ameufunga.

"Zima hicho kitu," alisema.

"Hakizimwi, Mama."

"Basi mfunge mkanda huyo mwenzako tukae kwa amani."

Ulikuwa mzaha. Seiji alinyoosha mkono, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akauchomeka. Kelele ikakoma.

Gari lile alikuwa nalo kwa wiki tatu tu. Kabla yake alikuwa na gari kubwa la viti saba, lenye mtambo wa kupandishia kiti cha magurudumu, alilolinunua mwaka ambao mkewe aliacha kutembea. Mke alipofariki mwezi wa nne, gari lilibaki uani kama chumba ambamo hakuna anayelala. Bi Toku hakuweza kuipanda ngazi yake. Barabara za bonde lile ni nyembamba, na mtu mmoja na bibi mmoja hawahitaji viti saba. Kwa hiyo aliliuza, akaenda kwa fundi Manabe kutafuta kigari cha namba ya njano, vile vidogo ambavyo nusu ya bonde huendesha.

"Bwana Kuwabara, hiki hakinywi mafuta, kinayalamba," Manabe alimwambia, akikipiga kofi mgongoni kama ng'ombe. "Kimetembea sana, lakini hakijawahi kulala njiani hata siku moja. Kitakuzika."

Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akainama kuomba radhi. Seiji alimwambia hakuna neno. Kweli hakukuwa na neno. Msibani watu walimsifu kwa uvumilivu wake, naye akawashukuru, ingawa hakuwa anavumilia chochote. Alikuwa mpima ardhi wa wilaya. Aliamka, alipima, alirudi. Kliniki ilikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kigari kiliwaka kila asubuhi kwa mguso mmoja, na hilo lilimtosha.

Alhamisi kengele ililia tena. Jumamosi pia. Jumatatu akakipeleka kwa Manabe, naye akaingiza kichwa chini ya kiti kwa muda mrefu.

"Kizima," alisema alipotoka. "Kiti hiki kinapima uzito. Hakilii mpaka kikaliwe."

"Na kikiwa kitupu?"

"Kikiwa kitupu kinanyamaza, Bwana Kuwabara. Hakina umbea." Manabe alijifuta mikono, kisha akainusa. "Uliweka nini humu? Kunanuka tope la shambani."

Seiji alikuwa ameshaisikia harufu hiyo: tope la majaruba yaliyokaa na maji majira yote, na kitu kilichooza chini yake. Alikuwa ameona jambo jingine pia. Kila asubuhi alikikuta kiti cha mbele kimesukumwa nyuma. Kwa kuwa kazi yake ni kupima, alichukua futi ya chuma akapima. Kilirudi nyuma sentimita kumi na tisa, mpaka mwisho wa reli. Akakivuta mbele. Asubuhi iliyofuata, sentimita kumi na tisa.

Mkewe alikuwa na urefu wa sentimita mia moja arobaini na nane. Maisha yake yote alivuta kiti mbele.

Hesabu hiyo Seiji aliijua, akaiweka kando. Maana kuna jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Watu wa bonde lile hawarudi kutoka maziarani kwa njia waliyoendea. Ukirudi kwa njia ileile, marehemu ataijua, atakufuata nyumbani. Siku ya arobaini na tisa, walipopeleka kaburini mifupa ya mkewe iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, Seiji aliendesha peke yake na sanduku la mifupa kwenye kiti cha mbele, limefungwa kitambaa cheupe, na juu yake mkanda. Baada ya sala ndugu wote walipanda basi dogo la hekalu pamoja na Bi Toku, wakarudi kwa kuzunguka mto. Seiji aligeuza kigari akarudi kwa njia ileile. Alipofika njia panda ya chini ya makaburi alisimama, akaegama, akaufungua mlango wa abiria.

"Panda," alisema. "Twende nyumbani."

Alihesabu mpaka sitini. Hakuna kilichotokea. Akafunga mlango, akaenda kazini.

Kwa hiyo kengele ilipolia Jumanne ile, hakuogopa. Alifunga mkanda. Na siku zilizofuata, akiwa peke yake njiani, alianza kuongea: kwamba mchuzi wa maharage aliopika leo umezidi chumvi, kwamba Mama amepunguza uzito, kwamba ofisini wamebadilisha mapazia. Mambo madogo, ambayo hakuwahi kumwambia alipokuwa hai. Kioo cha upande ule kilipata ukungu, kama mtu anapumua karibu nacho kusikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne Seiji alihisi kitu, na hakutaka kukipima.

Jumamosi ya pili walikuwa wanapanda kilima cha mwisho kabla ya kliniki, mvua nyembamba ikinyesha, aliposikia reli ya kiti ikilia polepole, kijino baada ya kijino.

"Seiji," alinong'ona Bi Toku. "Simama. Taratibu."

Akatazama kwenye kioo. Kiti cha mbele kilikuwa kinarudi nyuma peke yake, kimeshapita mwisho wa reli ambapo hakuna reli tena, kimeyabana magoti ya bibi mpaka uso wake umekuwa wa kijivu, na bado kilikuwa kinaendelea, bila haraka, kama mtu mrefu anayejinyoosha baada ya kukaa kwa kujikunja siku nyingi, na mkanda aliokuwa ameufunga Seiji mwenyewe ulikuwa umekaza juu ya kifua ambacho hakikuwepo, ukipanda na kushuka.

Alisimamisha gari, akazunguka mbio, akamtoa mama mkwe kwa kumbeba. Alikuwa mwepesi kama nguo. Wakakaa kwenye majani ya ukingo wa barabara, mvua ikiwanyeshea.

"Umempakia nani?" Bi Toku aliuliza kwa sauti ya chini.

Akamwambia.

Bibi alilisugua goti lake. "Mwanangu hata kwenye kiti cha shule miguu yake haikufika chini," alisema. "Wewe unajua. Wewe mpimaji."

"Najua, Mama."

"Na bado unamfunga mkanda."

Seiji alivua koti, akamfunika mabega.

"Mimi siingii humo tena. Nikikosa mashine mara mbili nimekufa, daktari alishasema mbele yako, na teksi haiji huku. Sikutishi. Nakuambia tu ilivyo. Chagua unayempakia."

Siku hiyo walifika kliniki kwa lori la mwuza samaki. Siku hiyohiyo Seiji alimwendea Bi Hamada. Kwa watu wengi Bi Hamada ni dobi. Wanaomhitaji kwa mengine huingia kwa mlango wa nyuma. Alimkuta anapiga pasi mashati, naye hakuacha kupiga pasi.

"Pepo hilo halina jina," alisema alipokwisha kumsikiliza. "Yako mengi pale njia panda, ya watu ambao hakuna aliyewakumbuka. Ulisema panda, hukusema nani. Limepanda. Sasa linangoja jina. Siku utakapoliita kwa jina la mkeo litakuwa na haki ya kila kitu chake. Nyumba yako. Mama yake. Umewahi kumwita kwa jina humo ndani?"

"Hapana."

"Na nyumbani, alipokuwa hai?"

Seiji alitazama mvuke wa pasi. "Nilimwita 'wewe'."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

Bi Hamada aligeuza shati. "Wanaume wa bonde hili! Haya, safari hii ubahili wenu umewafaa. Nenda palepale, fungua mlango, liambie limefika. Litaomba jina. Usilitoe. Kisha rudi kwa njia ya juu, ya matuta ya mpunga, na usilitamke mpaka matairi yaguse lami ya chini."

"Gari halipiti njia ya matuta."

"Lile lako la zamani lisingepita. Hiki kitapita. Kunja vioo vya pembeni."

Alikwenda Jumatatu saa sita mchana, kwa sababu Jumanne ilikuwa zamu ya mashine. Kengele ililia, akafunga mkanda kwa mara ya mwisho. Hakuongea. Njia panda ilikuwa na maji, na juu yake makaburi yalikuwa meusi kwa mvua. Alizima injini, akafungua mkanda, akaegama juu ya kiti bila kukigusa, akaufungua mlango.

"Umefika," alisema.

Hapo likasema kwa mara ya kwanza. "Leo mchuzi umezidi chumvi," lilisema, na harufu ya tope ikajaa gari zima. "Mama amepunguza uzito. Wamebadilisha mapazia." Yalikuwa maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, yamerudishwa kwa mpangilio uleule, na akaelewa kwamba lilikuwa halina kingine, kwamba wiki zote zile lilikuwa likikusanya. Lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mkewe, tena si ile ya hospitali iliyokuwa imekauka, bali ile ya zamani, ya mwanamke aliyekuwa akiimba vibaya jikoni bila kujua kwamba anasikika, na sauti hiyo ikasogea mpaka akahisi baridi ya maji sikioni, ikasema neno ambalo Seiji hakuwa amelisema humo, la kwake yenyewe.

"Niite."

Seiji alishika usukani.

"Mara moja tu. Hujawahi kuniita. Nilingoja. Niite, nijue nilikuwa nani kwako."

Alitaka kuliita. Hakuwahi kutaka kitu namna ile, hata uzima wa mkewe, maana wakati ule aliambiwa na madaktari mapema kwamba hautakuja, akazoea. Hiki kilikuwa pale pale. Herufi za jina zilikuwa zimeshajaa mdomoni, ulimi umeshapanda. Akafikiria mgongo wa Bi Toku kwenye majani yenye maji, jinsi alivyokuwa mwepesi. Akazimeza herufi zile.

"Umefika," alisema tena. "Shuka."

Kwa muda hakukuwa na kitu ila mvua. Kisha kitambaa cha kiti, kilichokuwa kimebonyea, kikainuka taratibu mpaka kikawa tambarare, na kigari chote kikapanda kidogo upande ule kwenye springi zake. Nje hakuona mtu. Katika dimbwi la njia panda maji yalitikisika mara moja, mahali ambapo hatua ndefu ingetua. Seiji alivuta mlango, akaufunga.

Njia ya matuta ilikuwa na upana wa mita moja na nusu, kwa jicho lake. Alikunja vioo. Kushoto ukuta wa mawe ulikwaruza rangi, kulia jaruba lilishuka bila ukingo, na kigari kikapita, gia ya kwanza, bila kukohoa. Ilimchukua dakika ishirini na mbili. Chini, penye lami, alisimama pembeni ya mashine ya kuuzia vinywaji, ambayo ilikuwa inanguruma peke yake.

"Fumie," alisema.

Lilitoka vibaya, kama mtu anayesoma jina la mgeni kwenye orodha. Akakohoa.

"Fumie."

Safari hii lilitoka sawasawa. Alisubiri, mikono juu ya magoti, muda mrefu kuliko ule wa njia panda. Hakuna kilichojibu. Hakuna kilichokuwa garini cha kujibu. Alisubiri pia kulia, na hakulia. Vioo vilikuwa havina ukungu, na kupitia hivyo mvua ilikuwa inaanuka. Akawasha gari, akalitaja jina lile tena akiwa anaingia barabarani, na tena kwenye daraja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejifunza.