Wiki ya Ndunge

Siku ya tano tangu Nzilani aanze kutembea, mama yake aligundua kwamba nyayo hazikuwa za mtoto.

Ndunge alikuwa ndio kwanza amalize kufagia uani, na mistari ya ufagio ilionekana wazi vumbini. Nzilani alitoka jikoni, akakatiza uani hadi kwenye mtungi, akanywa maji, akarudi. Mtoto wa miaka tisa, mwembamba, vijiguu kama vya kuku. Lakini alikopita zilibaki nyayo za mtu mzima, pana, zilizozama. Ndunge aliweka mguu wake kando ya unyayo mmoja. Mguu wake ulikuwa mdogo. Akazifagia zote, kisha akaingia jikoni kwa sababu uji ulikuwa unaungua.

Nzilani alikuwa hajatembea tangu homa iliyompata akiwa na miaka minne. Hospitalini walisema miguu haitarudi, na Ndunge, aliyemlea peke yake, akaacha kuuliza. Kilichomwinua mtoto ni sanamu ya Bikira Maria ya jumuiya yao hapo Muthetheni. Kila Oktoba, mwezi wa rozari, sanamu huhama boma hadi boma, wiki moja kila nyumba. Wiki ikiisha, mama wa nyumba humfunga Mama Maria mgongoni kwa leso, kama mtoto mchanga, na kumpeleka kwa anayefuata.

Ile ya zamani ilivunjika, na katekista Wambua akanunua nyingine Nairobi, Februari ya mwaka huo wa 1998. Wakamwomba Padri Antony aje aibariki. Februari Padri alikuwa na semina. Pasaka alikuwa amechoka. Agosti alifika, akala kuku, akasema maji ya baraka ameyasahau parokiani, ataibariki safari ijayo. Kubariki sanamu ni kazi ya dakika tatu. Kwa hiyo ikakaa miezi minane, kitu kitupu cha plasta chenye tundu chini, watu wakiipigia magoti, wakiiita na kuiomba. Oktoba ilipofika Wambua alisema Mama wa Mungu hangoji ratiba ya Padri. Mzunguko ukaanza, nyumba ya kwanza kwa Ndunge.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, katikati ya rozari, Nzilani alisimama kutoka mkekani. Ndunge alilia mpaka akakauka. Tangu hapo hakusikia furaha wala kitu kingine, alifanya kazi zake tu. Wambua aliandika barua parokiani, na jibu likaja haraka kuliko Padri alivyowahi kuja: wasimwambie mtu, miujiza ina utaratibu wake, askofu lazima aandikiwe kwanza.

Kisha ikaja harufu. Nyumba ilinuka mvua, ile harufu ya udongo mkavu ukipigwa na matone ya kwanza, na nje jua linachoma, hakuna hata wingu.

Elmi, Msomali aliyezunguka maboma akinunua mbuzi wa kupeleka soko la Katangi, alifika siku iyo hiyo ya nyayo. Nzilani alipopita karibu na zizi, mbuzi wote walikimbilia upande wa pili wakasongamana hapo, bila hata mmoja kulia.

"Mama Nzilani," Elmi alisema kwa sauti ya chini, "huyu si ndiye alikuwa anakaa kwa mkeka?"

"Ndiye. Mama Maria amemsaidia."

Elmi alitazama vumbi. Safari hii Ndunge hakuwahi kufagia.

"Mimi si wa dini yenu na sitaki kukukosea. Lakini huyu hatembei. Huyu amebebwa."

"Na nani?"

"Kwetu tuko na jina yao. Wanapenda nyumba haina mwenyewe." Akaangalia sanamu kupitia mlangoni, pale juu ya meza. "Hiyo kitu, mzee wenu wa dini aliisomea?"

"Bado. Ako bizi."

"Mwambie aache kuwa bizi," Elmi alisema, na hakununua mbuzi siku hiyo.

Saa tisa Ndunge alipiga magoti kusali rozari na mtoto wake, wawili tu, mlango wazi. Yeye akiongoza, Nzilani akiitikia, na katika fumbo la pili alisikia waitikiaji ni wawili, sauti ya mtoto na nyingine chini yake, nzito, kama ya mtu aliyekula vumbi, ikienda sambamba neno kwa neno, ikisema Maria Mtakatifu, Mama wa, halafu ikinyamaza pale penye jina la Mungu na kumwacha Nzilani alitaje peke yake, kisha ikirudi kwa bidii kwenye saa ya kufa kwetu, na Ndunge aliogopa hata kugeuza shingo, akaendelea kuhesabu shanga kwa sababu vidole vilikuwa vinajua njia hata kama yeye hakujua.

Usiku huo hakulala. Kama kitu hicho kinambeba Nzilani, kikifukuzwa mtoto ataanguka. Alilifikiria hilo mpaka kukacha. Mwishowe aliamua afadhali mtoto wa mkekani aliye wake. Asubuhi alimwendea Wambua, akamweleza kila kitu, na Wambua akapanda baiskeli mpaka parokiani.

Padri Antony alifika Jumamosi. Dereva hakuzima gari. Padri alifungua kitabu, akasoma, akanyunyizia sanamu maji, na harufu ya mvua ikatoka mezani, ikapita usoni pa Ndunge ikiwa baridi, ikaenda kusimama mlangoni alipokuwa Nzilani.

"Padri," Ndunge alisema, "mbariki na mtoto. Tafadhali. Hata akianguka."

"Mama Nzilani, hilo siwezi kwa sasa. Nikimbariki leo, kesho watu watasema Kanisa limekubali muujiza. Tungoje barua ya askofu."

"Padri, kuna kitu kinambeba. Nimeona nyayo."

"Usianze mambo ya waganga."

"Ni maji tu, Padri. Matone mawili."

Padri alifunga chupa. Akachukua sanamu ikafungiwe kabatini parokiani mpaka uchunguzi uishe, na Wambua akamfuata hadi garini akiongea, akiongea, mpaka gari likamwacha.

Nzilani alikuwa bado mlangoni.

"Mwaitu," alisema, kama anavyomwita mama yake kila siku, "anasema nyumba yake imeondolewa. Na wiki yetu imeisha. Anauliza kwa nini humbebi."

Ndunge alitazama miguu ya mtoto.

"Nikimbeba, wewe utabaki na miguu?"

Mtoto aliinamisha kichwa, akisikiliza. "Anasema hata yeye amechoka na mimi. Anasema ndiyo."

Ndunge alichukua leso kitandani. Akainama, mikono nyuma, kama kila mama anavyoinama akingoja mtoto apande mgongoni. Uzito ukaja polepole, baridi, ukajipanga, ukaweka kidevu begani kwake. Alifunga fundo kifuani. Mlangoni Nzilani aliyumba, akaanguka kwa magoti, akashika ukuta, akainuka. Alipotoka nje, vumbini kulibaki nyayo ndogo za mtoto, zilizopinda kidogo. Ndunge alizitazama na akasikia furaha, mara ya mwisho.

Nyumba iliyofuata ilikuwa kwa Kamanthe, na Kamanthe alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Kamanthe aliuliza mara mbili wiki yake itafika lini. Ndunge alimwambia sanamu iko kwa Padri, na fundo hakulifungua.

Nzilani anasoma sasa darasa la sita, na anakimbia. Padri Antony alimuuliza Ndunge siku moja, baada ya misa, mbona bado anafunga leso mgongoni na hana mtoto mchanga. Alijibu kwamba mgongo humuuma kwa baridi. Padri alisema barua ya askofu bado haijafika. Ndunge aliitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani kwa miguu, na alipofika uani alichukua ufagio, akafagia nyayo zake mwenyewe, zile pana, kabla Nzilani hajatoka shule.