Vikombe vya Mnarani

Chumbani hakukuwa na upepo. Dirisha lilifungwa, pazia lilitulia tuli, na bado vile vikombe vitatu vya plastiki vilikuwa vinazunguka juu ya kabati, taratibu, kama mtu anayekoroga chai huku anawaza mambo yake.

"Baba nanii, takataka yako inajizungusha," mkewe alisema.

Fundi akacheka. Ndiyo zake, kucheka. Jana yake alipanda mnara wa kupimia upepo kule nyikani, mita sitini, akafungua vikombe vilivyochakaa, vile vinavyozungushwa na upepo, na kufunga vipya. Bonge, mwenzake wa kazini ambaye hapandi tena tangu tumbo limshinde, alimwona akitia vile vya zamani kwenye begi.

"Ndugu yangu, hivyo hatuondoki navyo. Tundika kwenye uzio kama wenzako wote. Mwenye upepo atavifuata hapo."

"Bonge nawe! Binti yangu atapata cha kuchezea."

Akavibeba. Hapo mimi namlaumu, na simtetei hata kidogo.

"Mbona mtoto haamki?" mkewe aliuliza sasa, kwa sauti ndogo. "Saa nne hii."

Binti alilala chali, macho wazi, haoni. Chumba kizima kilinuka vumbi la kuungua. Kifua chake kikipanda, vikombe vinazunguka, kikishuka, vinazunguka. Fundi akavidaka kwa hasira avisimamishe, na palepale kifua cha mtoto kikasimama.

"Achia!" mama mtu alipiga kelele. "Achia, unamuua!"

Akaachia. Vikazunguka, na mtoto akavuta pumzi kwa kishindo.

Fundi alimpigia Bonge simu. "Vipandishe ulikovitoa," Bonge alinong'ona. "Uzio hautoshi tena. Na visisimame njiani, umenielewa? Nakuja na gari."

Saa mbili nzima Bonge aliendesha huku Fundi amevitoa vikombe dirishani, mkono umekufa ganzi, hathubutu kubadilisha, na kila gari lilipopunguza mwendo kwenye mashimo alisikia nyuma ya shingo yake mtu akihema, taratibu, bila haraka yoyote, kana kwamba safari hiyo ni yake.

Mnarani jua lilikuwa la utosi. Kwenye uzio vilining'inia vikombe vya miaka yote, na vyote vilizunguka ingawa jani halikutikisika. Fundi alifunga mkanda akapanda, vikombe vyake vikizunguka begani, ngazi baada ya ngazi, na kule kuhema kukapanda naye, kwanza chini ya miguu yake, kisha mgongoni, kisha sikioni kabisa, na harufu ya vumbi la kuungua ikamjaa puani mpaka akaona kizunguzungu na kukumbatia chuma kama mtoto anavyomkumbatia mama yake.

Akafika. Akafungua vipya, akavifunga vya zamani, akakaza nati ya mwisho. Alipoondoa mkono, vikasimama.

Simu ikalia. "Hapumui!" mkewe alikuwa analia. "Baba nanii, hapumui, midomo inabadilika rangi!"

Fundi hakuwahi kumwomba mtu yeyote kitu maishani. Siku hiyo aliomba, na aliyekuwa sikioni mwake alimsikia vizuri.

"Mwache mtoto. Chukua pumzi yangu."

Kuhema kukakoma. Vikombe vikatikisika, vikazunguka, vikashika kasi.

"Amelia!" mkewe alipaza sauti. "Mungu wangu, amelia! Anakuita wewe!"

Fundi alishuka mita zote sitini bila kupumzika. Bonge alimlaki kwa kumkumbatia, akamwangalia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ndugu yangu, mbona huhemi?"

Fundi akaweka kiganja mbele ya pua. Akangoja. Akakishusha. Huko juu, vikombe vilizunguka.

"Washa gari," alisema. "Nataka nimwone binti yangu. Na mama yake usimwambie kitu."