Ukucha wa Eliezeri

Harufu ndiyo iliyotangulia. Atuganile alikuwa anamwosha mumewe miguu, mvua ya Rungwe ikimwagika nje bila haya, akasikia uvundo ukitoka kwenye dole gumba la kulia. Ukucha ulikuwa wa njano, mnene, unamomonyoka kama ukoko wa ugali.

"Fangasi tu hiyo," alisema Eliezeri. "Waosha kahawa wote wanayo."

Fangasi gani! Ilianza siku alipovaa buti za mpira za kaka yake Isakwisa, aliyefia kwenye tangi la kuoshea kahawa. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Hata mtoto mdogo anajua kwamba vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe, lakini kahawa ilikuwa inaiva, maji yanauma kwa baridi, na Eliezeri ni mbishi tangu azaliwe.

Atuganile alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na aliitaka sana. Mtoto huyo angehitaji baba mwenye miguu miwili ya kufanyia kazi. Kwa hiyo alimloweka mumewe kwenye maji ya chumvi, akampaka kitunguu saumu, akampaka mafuta ya taa. Dresa wa zahanati alimpaka dawa ya zambarau, akashauri ukucha ung'olewe. Eliezeri akakataa katakata. Mwishowe Harilal, mwenye duka mjini, akawauzia mrututu, yale mawe ya bluu ya kupulizia mibuni.

"Yeyusha kidogo tu, mama," alionya. "Inaunguza hii."

Akayeyusha kidogo. Mguu ulipogusa maji, beseni likatokota bila moto, na chini ya ukucha kitu kikalia kwa sauti nyembamba. Kisha mguu ukaruka. Ulimkanyaga mbwa aliyejikunja mlangoni, ukamkanyaga tena na tena mpaka fuvu likapasuka, huku Eliezeri ameng'ang'ania nguzo kwa mikono yote miwili, analia.

"Si mimi! Atu, kimbia, si mimi!"

Lutengano, mdogo wake Eliezeri, alikuja na kamba wamfunge kitandani. Teke moja likamvunja taya. Walimfunga Eliezeri hivyo hivyo, damu ikimchuruzika Lutengano, lakini mguu haukutulia; kila Atuganile alikopita, uligeuka wenyewe kumfuata, kidole kimelielekea tumbo lake.

Wakamwita Kalinga, mganga Mhehe kutoka Iringa. Aliunusa mguu, akarudi nyuma.

"Ni jini," alinong'ona. "Lilikaa kwa marehemu, huyu akalivaa pamoja na buti. Limezoea damu ya ukoo huu. Nikiling'oa, litamrukia ndugu aliye karibu. Wote wa damu yao watoke, wavuke mto."

Lutengano akatoka, taya limefungwa kitambaa, akiwaswaga shangazi zake na watoto wote.

"Na mimi, babu?" aliuliza Atuganile.

"Wewe umeolewa tu, mama. Damu yako ni ya kwenu. Ushike mguu."

Akaushika, akaulalia kwa kifua, na Kalinga alipoubana ukucha kwa koleo mguu ulimrusha Atuganile ukutani, akarudi, ukamrusha tena, akarudi mdomo umejaa damu, akaukumbatia huku Eliezeri akinguruma kwa sauti ya kaka yake aliyezikwa, kamba zikikatika moja moja, kitanda kikivunjika chini yao, uvundo ukiwaziba pumzi, mpaka ukucha ukachomoka na mzizi mrefu mweusi uliojinyonganyonga hewani, na Kalinga akautupa motoni.

Mguu ukalegea.

"Atu," Eliezeri alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Nausikia mguu wangu. Ni wangu."

Atuganile alilia kwa furaha. Alimlalia mumewe kifuani, akacheka, akalia tena. Alikuwa na mume mzima, na mtoto angekuwa na baba.

Ndipo mtoto akacheza tumboni. Atuganile akatabasamu, akaweka mkono hapo. Kisigino kikausukuma mkono wake, kikaendelea kusukuma, ngozi ikavutika mpaka ikang'aa.

"Babu," alinong'ona, "na huyu je? Huyu ni damu ya nani?"

Kalinga alilitazama tumbo. Koleo likamponyoka.

Teke lililofuata lilimvunja Atuganile ubavu, kutoka ndani.