Kijiji Kilichoshuka Kutoka Mlimani

Mama Agathe wa Lushebere alikuwa na miaka themanini na moja. Kila Jumapili baada ya misa alisema neno lile lile. Alitaka kuweka msalaba juu ya kaburi la mama yake kabla hajafa. Mama huyo alizikwa kijijini Busakara, upande wa Walikale, Agathe akiwa na miaka saba.

Mwanawe Nestor alikuwa amekwenda Busakara mara mbili kwa pikipiki. Mara zote mbili alirudi bila kitu.

"Mama, nilitembea kijiji yote," alisema huku akivua buti zenye matope. "Kuko nyumba, maduka na shule. Makaburi ya zamani hakuna."

"Ulipanda mlima?"

"Mlima gani? Busakara iko pembeni ya barabara."

"Busakara iko juu," alisema Agathe. "Ukitoka kwenye kanisa ndogo, unashuka mukono wa kushoto mpaka kwenye kijito cha Mweko. Mama yangu amelala nyuma ya kanisa ile."

Nestor alimtazama mke wake, Bénédicte, akatabasamu. "Basi hiyo ni Busakara ya mbinguni."

Agathe hakucheka. "Munaona kichwa yangu imeharibika. Lakini masikio yangu ingali inasikia." Akachukua rozari yake, akaenda kukaa nje.

Nestor aliona haya. Hata hivyo alimwambia mkewe, "Sirudi kule mara ya tatu. Nitasimika musalaba wapi?"

Bénédicte alikuwa anajifunza kusoma kwenye parokia, saa kumi, akitoka shamba. Mwalimu wake, Papa Athanase, alikuwa amefanya kazi ya kupima barabara kwa miaka mingi. Alhamisi ile alitandaza mezani karatasi pana.

"Hii ni nakala ya ramani ya mwaka 1949," alisema. "Leo tutaisoma. Rangi ya buluu ni maji. Mistari ya kahawia inaonyesha milima. Mistari ikibanana, ujue kuna mteremko mkali. Vidoti vyeusi ni nyumba. Msalaba ni kanisa. Sentimita moja hapa ni kilomita moja kule."

Wanafunzi waliinama juu ya meza. Chantal, muuza ndizi, alisoma jina la kijiji chake, akaligonga kwa kidole. "Njo kwetu. Angalieni, njo kwetu."

"Pole pole, dada," mwenzake alisema. "Utapasua kwenu."

Bénédicte alipitisha kidole polepole. Bu-sa-ka-ra. Alisoma mwenyewe, bila kusaidiwa. Alifurahi sana. Kisha akakunja uso. Jina lilikuwa juu ya mlima, mbali na barabara.

"Papa Athanase, karatasi hii imekosea. Bwana yangu alifika Busakara. Iko barabarani."

"Mama Bénédicte, kabla ya kusema ramani imekosea, soma mwaka wake." Akaweka karatasi ya pili kando ya ile ya kwanza. Hii ilikuwa ya mwaka 1958. Hapo Busakara ilikuwa barabarani. Kule mlimani hapakuwa na kidoti hata kimoja.

"Zote mbili zinasema kweli," alieleza. "Wakati wa ukoloni, watu wengi walitolewa milimani wakapangwa kando ya barabara. Walishuka na jina la kijiji chao. Makaburi yalibaki juu."

"Sasa mutu atajuaje pa kutafuta?"

"Jina linahama. Mto unabaki. Muulize mzee walichota maji wapi."

"Mama mkwe anasema Mweko. Mukono wa kushoto, chini ya kanisa."

Athanase alimpa nafasi atafute mwenyewe. Bénédicte aliona msalaba mdogo mweusi. Kushoto kwake, chini ya mistari iliyobanana, palikuwa na mstari wa buluu. Alisoma: Mweko. Alimshukuru Mungu moyoni. Aliwaza miaka yote ambayo mzee yule alisema kweli, nao wakamcheka.

"Lakini sikia," Athanase aliongeza. "Ramani hii haisemi shamba ni la nani. Musiende nayo kugombana. Mufike kwanza kwa mukubwa wa kijiji, mumuombe ruhusa."

Bénédicte alichora katika daftari lake mlima, kijito na mto kinapoingia, akaandika majina yake. Nyumbani hakumwonyesha Agathe. Alimuuliza tu, Nestor akiwa karibu, "Mama, Mweko ilikutana na mto gani?"

"Na Luhenja. Chini ya mawe makubwa. Pale tulifulia nguo."

Bénédicte alimfungulia Nestor daftari, naye akatazama. Mistari miwili ilikutana pale pale, na jina la pili lilikuwa Luhenja. Akainamisha kichwa. "Mama, unisamehe."

"Nitakusamehe kule juu. Tafuta pikipiki."

Walikwenda mwezi wa saba, njia ikiwa kavu na shwari. Mkuu wa kijiji aliwapa ruhusa na wanaume wanne. Walimbeba Agathe juu ya kiti cha kubebea wagonjwa.

"Mama, wewe uko mwepesi," mmoja wao alisema akihema. "Maneno yako njo mazito."

"Basi ninyamaze?"

"Hapana, tuongeleshe. Tutafika haraka."

Kule juu ulikuwa msitu mtupu. Lakini ndani ya majani Nestor aliona mawe yaliyopangwa mstari, msingi wa nyumba ndefu. Agathe aliomba ashushwe. Alishika ukuta ule mfupi, akauzunguka hatua kwa hatua, bila kuuliza mtu njia. Nyuma ya msingi ule wa kanisa akasimama mbele ya rundo la mawe lililoota ukoka.

"Ni hapa," alisema.

Nestor alifyeka, akachimba, akasimika msalaba. Bénédicte alikuwa ameandika jina la marehemu juu yake kwa mkono wake mwenyewe. Alilisoma kwa sauti, wote wakalisikia.

Agathe alipiga magoti. "Mama, ni miye. Nimekuja na watoto." Akasali Baba Yetu taratibu, mpaka mwisho. Kisha akaanza tena toka mwanzo. Hakuna aliyemharakisha.