Maji ya Hori

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya mashamba ya chai ya Mogogosiek, Chelangat alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumfungulia Arus, mtamba wa kijivu. Ya pili ilikuwa kutia maji kwenye rejeta ya pikapu mpya ya baba yake.

Kazi ya kwanza aliipenda sana. Arus alikuwa wa Kogo, bibi yake, aliyefariki mwaka uliotangulia katika baridi ya mwezi wa saba. Kogo alizoea kuzungumza na ng'ombe kama mtu anayezungumza na mgeni, kwa sauti ya chini na bila haraka. Siku alipozidiwa na ugonjwa, alisema mtamba huyo awe wa Chelangat. Mpaka sasa, mtu akisema polepole karibu na zizi, Arus aligeuza masikio na kutazama njiani.

Kazi ya pili ilikuwa ya heshima. Hakuna mtu mwingine kijijini aliyekuwa na gari. Baba yake, Kipkemoi, alilinunua kwa bonasi ya majani chai na kwa akiba ya miaka mingi, akawa anabeba maziwa ya majirani hadi mjini Kericho. Alimfundisha Chelangat mwenyewe jinsi ya kufungua boneti na kujaza maji injini ikiwa baridi.

"Maji safi ya mtoni," alimwambia. "Si maji mengine. Hiki ni chombo kipya, kinataka adabu."

Mto ulikuwa chini ya shamba, na njia yake iliteleza kama sabuni wakati wa mvua. Lakini karibu na zizi palikuwa na hori la mti. Humo baba aliloweka udongo wa chumvi uliotoka upande wa Chepalungu, ili ng'ombe wanywe maji yake na kutoa maziwa mengi. Usiku kucha udongo ulizama, na asubuhi maji ya juu yalikuwa meupe, yaking'aa.

Asubuhi moja mvua ilikuwa kubwa. Chelangat alisimama mlangoni na kopo mkononi, akaitazama njia ya mtoni, akalitazama hori. Kisha akateka horini. Gari liliwaka vizuri, likaondoka likinguruma. Siku nyingine ya mvua alifanya vilevile. Mvua za masika zilipokwisha, alikuwa amekwisha kuisahau njia ya mtoni, hata siku za jua.

Halafu gari likaanza kuchemka.

Mwanzoni lilichemka kwenye milima mikali tu. Baadaye likawa linatoa mvuke hata barabara tambarare, na maziwa yakafika Kericho yamechelewa, mengine yameganda. Jioni moja baba alifungua boneti uani, akamwita Chelangat.

"Lete kitambaa, pangusa hapa mdomoni. Naona kuna uchafu."

Chelangat aliinama. Kuzunguka mdomo wa rejeta palikuwa na pete nyeupe, ngumu kama ukoko. Aliijua pete hiyo. Jikoni kulikuwa na sufuria kuukuu ambayo Kogo alipashia maji ya chumvi ya ndama, na ndani yake ukoko kama huo ulikula bati mpaka likatoboka. Baba alipogeuka kuchukua spana, Chelangat alikwaruza kidogo kwa ukucha, akaonja. Ilikuwa chumvi.

Alipangusa kwa nguvu, akakwaruza, akapangusa tena, mpaka pete yote ikatoka.

"Kumetakata?" baba aliuliza.

"Kumetakata, Baba."

Tangu jioni hiyo alirudi kuteka mtoni. Lakini gari halikuacha kuchemka.

Aliyewauzia gari lile alikuwa Bwana Makori, ajenti wa kampuni moja ya magari ya Kericho. Kwao kulikuwa Kisii, lakini alikuwa ameishi sokoni Mogogosiek miaka mingi na familia yake, na binti yake, Bonareri, aliketi dawati moja na Chelangat. Gari lilikuja na dhamana ya mwaka mmoja: likiharibika kwa kosa la kiwanda, kampuni ingelitengeneza bila malipo. Mwaka huo ulikuwa unakaribia kwisha, na Makori alikuwa amewaeleza kwamba mtu aweza kununua dhamana ya nyongeza, ya miaka miwili zaidi.

Zamani, gari lilipokuwa zima, baba alicheka. "Ninunue gari, halafu ninunue na ahadi kwamba gari ni zuri?"

"Mtu akikuuzia ng'ombe," mama naye alisema, "haombi malipo mengine ili ng'ombe asimame."

Sasa baba hakucheka. Makori alimshauri alipeleke gari gereji ya kampuni likaangaliwe. Baba alikataa.

"Watalifungafunga mpaka dhamana hii iishe, kisha lianze tena," alimwambia mama wakati wa chakula. "Nataka ile ndefu. Wakiwa na miaka miwili ya kunihangaikia, watalitengeneza kweli."

"Na malipo yake yatatoka wapi, Baba Chelangat? Bonasi bado."

Baba alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Tutamuuza mtamba. Sokoni Siongiroi wananunua vizuri."

"Mtamba wa mama yako?"

"Mama yangu angefanya nini? Gari likifa, tutakula nini?" Alimgeukia Chelangat. "Nitakununulia ndama mwingine, mwanangu. Umenisikia?"

Chelangat aliitikia kwa kichwa.

Siku zilizofuata aliona kama kila mlango unafungwa mbele yake. Aliwaza kumwambia mama. Walipokuwa wakichuma majani chai, vikapu mgongoni, alianza, "Mama, lile gari..." Mama akamkatiza bila kuinua macho.

"Usijali, mwanangu. Baba yako anasema bila wewe gari lingekuwa limekufa zamani. Kila mahali anakusifu."

Chelangat akarudi kuchuma.

Pale njia panda, majirani walipoleta mitungi yao ya maziwa, baba alimkabili Makori mbele ya watu. "Bwana Makori, mimi nilitaka gari. Wewe umeniuzia birika."

Watu walicheka. Mmoja akasema, "Afadhali birika, lingetupa chai." Makori alitabasamu kidogo, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Kicheko hicho kilifika shuleni kabla ya kengele ya pili. Wavulana walianza kumwita Bonareri "Binti Birika." Wakati wa mapumziko Bonareri alimvuta Chelangat kando ya ukuta.

"Wewe unalijua gari lenu. Kweli baba yangu aliwauzia gari bovu?"

"Sijui," alisema Chelangat.

"Hujui vipi? Si wewe unalitia maji kila siku?"

"Nimesema sijui, Bonareri. Niache."

Bonareri alimtazama, kisha akaenda kusimama peke yake karibu na bomba la maji. Chelangat alitamani kumfuata. Angekwenda kumwambia nini? Akisema kweli, baba angejua kwamba aliyemsifu ndiye aliyeliharibu gari. Akinyamaza, Arus angeuzwa, na Bonareri angeendelea kuitwa birika. Kila upande aliogeukia palikuwa na ukuta, na ukuta huo aliujenga mwenyewe kwa kitambaa kile.

Siku ya soko la Siongiroi ilianza kwa mvua. Baba alimpandisha Arus nyuma ya pikapu, akafunga turubai juu, akamwambia Chelangat apande amshike kamba asije akashtuka. Mbele alikaa Makori. Alikuwa na mteja upande ule, na baba alitaka habari ya dhamana imalizike siku hiyo hiyo, mara tu mtamba atakapopata mnunuzi.

Chini ya turubai palikuwa na giza na harufu ya nyasi mbichi. Kamba ilikuwa imezungushwa mkononi mwa Chelangat, na Arus alimwegemea kila gari lilipokata kona. Hakuweza kuruka, hakuweza kulala, hakuweza hata kusogea. Kupitia kidirisha kidogo aliona visogo vya wanaume wawili. Hata kona zilianza kumtisha, maana kila kona iliileta Siongiroi karibu.

"Usiogope," alimnong'oneza mtamba, polepole, kama Kogo. Arus akageuza masikio, akamlamba kiwiko. Chelangat alilia kimya kimya.

Walivuka mto, wakaanza kupanda mlima. Katikati ya mlima gari lilitetemeka, likatoa mvuke mweupe, likasimama.

"Umeona, Bwana Makori?" baba alisema akishuka. "Umeliona birika lako?"

"Nimeliona, Mzee Kipkemoi. Acha lipoe kwanza. Ukifungua sasa litakuunguza uso."

Walingoja mvuani. Chelangat alishuka na debe tupu la kutilia maji, kamba ya Arus bado mkononi. Hatimaye Makori alizungusha koti lake kwenye kifuniko, akakifungua taratibu, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Mzee, kabla sijakuandikia dhamana, lazima niulize. Maji mnatia ya wapi?"

"Ya mtoni. Huyu mtoto hushuka kila asubuhi, iwe mvua, iwe jua. Muulize mwenyewe. Huyu hasemi uongo."

Afadhali baba angemchapa. Chelangat alimtazama Makori, akamtazama baba, akatazama chini.

"Ni maji ya hori," alisema.

Mvua ilipiga turubai, baba hakusikia. "Unasemaje?"

"Ni maji ya hori, Baba. Yale ya chumvi ya ng'ombe. Mvua ilipokuwa ikinyesha nilikuwa nateka pale, sikushuka mtoni. Na siku ile uliponiambia nipanguse, niliona chumvi. Nikaipangusa ili usiione."

Baba alivua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena. Alimtazama mtamba aliyekuwa ametoa kichwa chini ya turubai. Makori ndiye aliyesema, na hakusema kwa ukali.

"Hata ungenunua dhamana ya miaka kumi, Mzee. Wangeifungua rejeta, wangeikuta chumvi, wangekurudishia gari lako na kusema hili si kosa la kiwanda. Na huyu mtamba angekuwa amekwisha kuchinjwa."

Baba aliliendea turubai, akalikunja pembe moja, na maji ya mvua yaliyotuama juu yake yakamiminika kwenye debe tupu. Kabla ya kuyatia kwenye rejeta alichovya kidole, akaonja. Kisha akamimina. Gari liligeuzwa pale pale mlimani, likarudi Mogogosiek taratibu, na Arus akiwa ndani.

Siku mbili baba hakumsemesha Chelangat. Hakumpiga, na jambo hilo lilimuumiza zaidi. Gari lilipelekwa Kericho, rejeta ikafunguliwa na kusafishwa, na bomba moja lililoliwa na chumvi likabadilishwa. Malipo yalitoka kwenye faida ya maziwa, na mama alisema kwamba Chelangat atachuma majani chai kila Jumamosi mpaka bonasi itakapokuja. Chelangat alichuma bila kunung'unika.

Gari liliporudi zima, baba alimshika mkono wakaenda njia panda wakati watu wote wapo.

"Nilisema mbele yenu kwamba Bwana Makori aliniuzia birika," baba alisema. "Nilikosa. Gari lilikuwa zima. Ni sisi nyumbani kwangu tuliolinywesha chumvi kama ng'ombe. Bwana Makori, nisamehe."

"Nimekusamehe," Makori alisema. "Lakini lile birika limeingia mpaka shuleni. Huko nani atalitoa?"

"Mimi," alisema Chelangat.

Alilitoa kesho yake, amesimama mbele ya darasa, akaeleza habari ya maji ya hori. Bonareri hakumjibu siku ile, wala ya pili. Siku iliyofuata alisogea kidogo kwenye dawati, akampa nafasi ya kuandikia. "Ungeniambia mimi kwanza," alisema tu.

Dhamana ya nyongeza haikununuliwa. Baba na mama waliizungumza tena kwa utulivu, wakaona kwamba kwa rejeta iliyokwisha kuliwa haitawafaa. Waliamua kwamba kiasi kidogo cha faida ya maziwa kitawekwa kando kila mwezi kwa ajili ya gari.

Asubuhi moja baba alishuka na Chelangat mtoni. Ukungu ulikuwa bado mzito. Alikaa juu ya jiwe, akamtazama akijaza kopo.

"Uvivu wa maji nimekusamehe," alisema. "Mimi pia nilipokuwa mtoto niliogopa njia hii. Tena kama ungeniambia jioni ile ulipoiona chumvi, tungeosha rejeta, tungeteka maji mengine, yangekwisha. Ulipoipangusa ile pete ndipo ulipoliharibu gari, na ukaliharibu jina la mtu, na nusura tumpoteze mtamba wa Kogo. Dhamana ni watu wawili kuaminiana, mwanangu. Karatasi huja baadaye. Ukikosa, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Nitakasirika, lakini nitakuwa upande wako."

"Ndiyo, Baba."

Walipanda pamoja, kopo likimwagikamwagika. Zizini Arus alisikia sauti zao za chini, akageuza masikio. Chelangat alifungua boneti. Kabla ya kumimina, alichovya kidole ndani ya maji, akaonja.