Jumanne Iliyopotea Kati ya Honolulu na Apia

"Iakopo ana mke Pago."

Uvumi huo wa Pago, mji wa kisiwa cha jirani, Vaiola aliuokota kanisani, ukamganda kama kupe. Leo alikuwa akimpakulia Iakopo taro, yaani magimbi. Jumamosi Pelenise, mwanawe wa pekee, anaolewa na huyo Iakopo, kisha anapelekwa Honolulu. Akilia huko, nani atamsikia huku Apia?

— Karibu, mkwe. Za safari?

— Ndefu, Mama! Nimetoka Honolulu Jumatatu jioni, ndiyo kwanza naingia, Alhamisi.

— Kwani ni saa ngapi angani?

Pelenise akacheka.

— Mama naye! Elimu yako ya darasa la sita leo inataka kurusha ndege?

— Niache niulize, kuuliza si kosa.

— Saa tano na nusu hadi Pago, alisema Iakopo. Nikalala hapo. Kulipokucha nikapanda ndege ndogo, nusu saa tu, nikatua.

— Na siku nyingine zimekwenda wapi?

— Mstari wa tarehe, Mama. Pago wako nyuma yetu siku nzima. Ukivuka, siku inamezwa.

Vaiola akahesabu kwa vidole chini ya meza. Akikosea, amevunja harusi ya mwanawe kwa ujinga wake. Na asipokosea je? Akahesabu tena.

— Jumatatu umelala Pago. Umeamka Jumanne, umevuka, huku ni Jumatano. Mstari umemeza siku moja, baba. Wewe umemeza mbili.

Kicheko cha Pelenise kikakatika.

— Ndege ndogo ilijaa, Iakopo akasema.

— Si umesema umepanda kulipokucha? akauliza Pelenise.

— Mpenzi, nimechoka...

— Jumanne ulikuwa kwa nani? Sasa nakuuliza mimi, si Mama.

— Nilipita kumwona mtoto tu.

— Mtoto gani?

Iakopo akaifunika simu yake mezani kwa kiganja.

— Mama yake tulishaachana, naapa!

— Mpigie. Weka sauti ya juu, tusikie sote.

Alijaribu kuiweka simu mfukoni. Pelenise akampokonya, akatafuta namba ya mwisho ya Pago, akapiga.

— Umefika salama, mume wangu? ilisema sauti ya kike. Umeacha shati lako kwenye kamba.

Vaiola aliziba mdomo. Alikuwa ameomba, Mungu shahidi, awe amekosea.

Pelenise alivua pete, akaiweka juu ya taro la Iakopo.

— Wahi ndege ya mchana. Kule bado ni jana, labda hata hawajakukosa.

Kisha akamwangukia mama yake, akalia mpaka sauti ikakauka.

Mabinti, epukeni haya:

Kuvishwa pete na mtu wa mbali kabla hujajua safari yake ni ya saa ngapi, na analala wapi njiani.

Kupokea mikeka, zawadi zetu za harusi, kabla ya kuwauliza watu wa huko anakopita bwana harusi.

Kumcheka mama anapouliza.

Kuendelea na harusi kwa kuwa nguruwe wameshachinjwa. Nguruwe wataliwa tu.