Kopo la Maziwa ya Mjomba

Kila siku Chiriku alipotoka shuleni, alifanya mambo yaleyale. Alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akavua viatu, akatundika sare kwenye msumari nyuma ya mlango, kisha akala chakula alichofunikiwa na mama yake. Akiisha kuosha sahani alifanya kazi za shule. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya, na mchana ulikuwa bado mrefu.

Jina la Chiriku alipewa na dada yake kwa utani, maana mtoto huyo hakuwa akiishiwa maneno. Wawili hao walilala kitanda kimoja, wakigombania shuka na kusimuliana visa mpaka mama yao agonge ukuta. Lakini mwaka huo dada alikwenda shule ya bweni. Baba yao, fundi mwashi, alikuwa akijenga katika mji mwingine. Mama alipiga pasi kwenye duka la dobi na alirudi jua likizama. Chiriku akawa chiriku wa jina tu.

Si kwamba nyumba ilikuwa tupu. Katika chumba cha ndani alilala mjomba wake, kaka mkubwa wa mama, ambaye alikuwa dereva wa lori. Siku moja ya mvua aliteleza akishuka kwenye lori lake na kuvunjika mguu, na sasa ulikuwa umefungwa plasta ngumu kutoka pajani hadi kwenye vidole. Daktari alimwambia anywe maziwa kila jioni ili mfupa uunge upesi. Mama akanunua kopo kubwa la maziwa ya unga, akaliweka kabatini jikoni.

Siku za mwanzo maumivu yalimfanya mjomba awe mkali kama pilipili. Chiriku aliingia mara moja kumuuliza kama anataka maji, akafokewa, "Niache nilale!" Alitoka mbio. Jioni ile mama akamwonya, "Usimsumbue mjomba wako, mwanangu. Mgonjwa hana dogo."

Tangu hapo mlango wa chumba cha ndani ulibaki umefungwa.

Chiriku alikaa dirishani akitazama ngazi za nyumba ya jirani. Msichana wa huko, wa makamo yake, alikaa pale kila mchana na mdogo wake mchanga mapajani. Hawakuwahi kusalimiana. Chiriku alihesabu nguo kwenye kamba, akafagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa, akarudi dirishani. Mikono ilitafuta kazi, na mdomo ukajitolea.

Alianza na biskuti zilizobaki. Zilipokwisha, akageukia sukari, akiichota kwa ncha ya kidole. Kisha siku moja akafungua lile kopo. Kijiko cha maziwa ya unga kiligandia kwenye kaakaa, kikayeyuka polepole kwa utamu. Kwa muda mfupi hakukumbuka kuwa yu peke yake. Utamu ulipokwisha, alikumbuka tena, akachota kingine.

Kila alipomaliza, alisawazisha unga kwa mgongo wa kijiko ili usionekane kama umechotwa. Lakini wahenga walisema kweli, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Jioni, chakula kikiwa mezani, Chiriku alikichezea tu. Tumbo lilikuwa zito, na wakati mwingine lilimsokota. Mama alimwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Huna homa. Mbona huli siku hizi?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hewa?"

Chiriku alisogeza sahani kando.

Siku iliyofuata mama aliporudi kutoka kazini, akachukua kopo ili amkorogee kaka yake maziwa. Kijiko kikagonga chini. Aliinamisha kopo, akatazama ndani, kisha akaenda nalo chumba cha ndani. Chiriku akamfuata.

"Kaka, maziwa yamekwisha! Yalikuwa yatufikishe mwisho wa mwezi. Nani amekula maziwa haya?"

Mjomba alimtazama dada yake, halafu akamtazama Chiriku aliyejibanza mlangoni.

"Ni mimi, mdogo wangu," akasema. "Mchana nikichoka kulala, nakwenda kulamba kidogo."

"Wewe? Na mguu huo?"

"Magongo yana kazi gani?"

"Mtu mzima na mvi zako, unalamba maziwa kama paka!" Mama alitikisa kichwa. Hakucheka. "Haya, utakunywa maji basi. Sina la kufanya sasa."

Mjomba alikunywa kikombe cha maji matupu bila kulalamika. Kumwona akinywa kulimuumiza Chiriku kuliko kama angechapwa.

Kesho yake mchana, kazi za shule zilipokwisha, miguu yake ilimpeleka jikoni yenyewe. Mkono ukashika mlango wa kabati. Mle ndani kulikuwa na sukari bado. Akasimama hivyo kwa muda, roho ikimvuta huku na huku. Kisha akaachilia mlango, akaenda kugonga chumba cha ndani kabla hajabadili nia.

"Ingia."

Mjomba alikuwa ameegemea mto, macho kodo. Wala hakuwa amelala.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu."

"Mjomba, ni mimi niliyekula maziwa."

"Najua. Kifuniko cha lile kopo kina kelele. Kila mchana nakisikia."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

Mjomba alijikuna kidevu. "Nilikuonea huruma. Lakini nilikosea. Uongo ni uongo hata ukisemwa kwa huruma, na leo nitamwambia mama yako hivyo. Sasa niambie, ulikuwa na njaa?"

Chiriku alifikiri. "Hapana. Nilikuwa nimeshakula."

"Ila?"

"Nyumba ilikuwa kimya tu," akajibu, na machozi yakamtoka.

Mjomba alipapasa ukingo wa kitanda, Chiriku akaketi.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema mjomba. "Mimi nahesabu nyufa za dari hii tangu asubuhi. Nilitaka kukuita mara nyingi. Lakini baada ya kukufokea siku ile, ulikimbia kama kifaranga aliyeona mwewe. Nikasema, mtoto huyu hanitaki."

"Mama alisema nisikusumbue!"

"Nisumbue, tafadhali! Nimechoka kustarehe." Wote wawili wakacheka. Kisha mjomba akasema, "Sikiliza. Barabarani nakuwa peke yangu siku nzima, mwenzangu ni injini. Zamani nilikuwa natafuna tangu natoka mpaka nafika. Karanga, biskuti, soda. Nikanenepa hata usukani ukanigusa tumbo, na daktari akanionya. Ndipo nikajifunza kujiuliza swali moja: kiazi cha jana, kilichopoa, kisicho na chumvi, ningekila sasa hivi? Nikijibu ndiyo, hiyo ni njaa. Natafuta chakula, nakula. Nikijibu hapana, nataka kitamu tu, najua si tumbo linaloniita."

"Halafu unafanya nini?"

"Nakunywa maji. Naegesha lori, nanyoosha miguu. Ikizidi, nampigia mama yako simu, ananigombeza mpaka uchovu wote unaruka."

Jioni ile mama alipoingia tu, kabla hajatua mkoba wake, Chiriku alimweleza yote. Mjomba naye akakiri kutoka kitandani kwamba alidanganya. Mama aliketi akawatazama kwa zamu.

"Nina watoto wawili, mmoja ana mvi," akasema hatimaye. "Wewe Chiriku, mpaka kopo jipya lije, chai yako haitakuwa na maziwa. Maziwa yatakayopatikana ni ya mjomba. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Basi mchana ukawa na sura nyingine. Mjomba alichora ubao wa drafti kwenye kipande cha katoni, wakacheza kwa vifuniko vya chupa. Alimshinda mpwa wake bila huruma wala haya. Hata hivyo tamaa haikukoma siku moja. Kuna nyakati Chiriku alijikuta tena mbele ya kabati. Hapo alijiuliza habari za kiazi kile kilichopoa, akakunja uso, akanywa maji, akatoka jikoni.

Baadaye plasta ilikatwa. Mjomba alijizoeza kutembea uani, na asubuhi moja akabeba mfuko wake, akarudi kwenye lori.

Mchana ule Chiriku alifungua mlango, na ukimya ukampokea palepale. Chumba cha ndani kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa. Alikula, akaosha sahani, akafanya kazi za shule. Kisha upweke ukamjia kwa nguvu. Alitazama kabati. Hapana, hakuwa na njaa.

Akaenda dirishani. Yule msichana wa jirani alikuwa kwenye ngazi zake, akimbembeleza mtoto. Chiriku alisitasita, akavaa viatu, akatoka nje.

"Mambo?" akasema. "Huyu mtoto amekwisha kuota meno?"

"Mawili. Na anauma!" yule msichana akajibu, akasogea kumpa nafasi. "Nilidhani hupendi watu. Kila siku unatutazama tu."

Mama aliporudi aliwakuta palepale, Chiriku akisema mfululizo na mtoto akimvuta nywele. Usiku Chiriku alimaliza sahani yake yote, akaomba aongezwe. Alimweleza mama jinsi mchana ulivyokuwa mgumu kabla hajatoka nje.

Mama alimpakulia, akaketi karibu naye.

"Mwanangu, njaa si aibu. Ukiwa nayo, kula. Lakini upweke hautafuniki. Ungekuwa unatafunika, mimi ningekwisha kuumaliza tangu baba yako na dada yako waondoke. Tumbo linalishwa jikoni. Moyo unalishwa na watu, na mara nyingine ni wewe wa kwanza kugonga mlango."

Chiriku alimsogelea mama yake mpaka mabega yakagusana, akaendelea kula.